Abiria uliyeumia ajalini: umdai nani, na kwa njia ipi?

Abiria hakushika usukani, hakukanyaga mafuta, wala hakuamua kulipita lori kwenye kona. Madereva wawili waliogongana wanaweza kubishana mwaka mzima nani alikuwa na haki ya njia, na katika ubishi huo wote abiria karibu kila mara hana kosa. Hapo ndipo penye nguvu yake kisheria. Shida yake ni kwamba hajui amdai nani. Ana milango minne au mitano mbele yake, na ipo ambayo akishaifungua, mingine inajifunga.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mtu aliye kitandani, au anayemuuguza aliye kitandani, huku kampuni ya bima inapiga simu kuuliza kama yuko tayari kumaliza mambo. Sheria hutofautiana nchi kwa nchi, lakini njia zinafanana kuliko watu wanavyodhani, na makosa yanayowagharimu abiria ni yaleyale kila mahali.

Mfumo unaouliza kosa na mfumo usiouliza

Jambo la kwanza ni kujua ajali ilitokea chini ya mfumo upi, kwa sababu kwa kawaida sheria ya mahali pa ajali ndiyo inayotumika, hata kama wewe ni mgeni pale.

Katika nchi nyingi aliyeumia lazima aonyeshe kwamba dereva fulani alikuwa mzembe, kisha bima ya dereva huyo inalipa. New Zealand iliachana na utaratibu huo Aprili 1974. Shirika la umma liitwalo ACC hugharimia matibabu na hulipa hadi asilimia 80 ya kipato kilichopotea, bila kujali nani alisababisha ajali. Kwa upande wa pili wa mapatano hayo, majeruhi hawezi kumfungulia dereva kesi ya kudai fidia ya majeraha hayo. Quebec, nchini Kanada, iliingia katika utaratibu wa aina hiyo mwaka 1978.

Ufaransa ilichukua njia ya katikati. Kwa sheria ya Julai 1985, abiria hulipwa na bima, na kosa lake mwenyewe halihesabiki isipokuwa liwe kosa lisilosameheka ambalo peke yake ndilo lililoleta ajali. Tena bima inapaswa kumpelekea majeruhi ofa ya fidia ndani ya miezi 8 tangu siku ya ajali. Afrika Kusini wana mfuko wa ajali za barabarani unaotokana na tozo ya mafuta ya magari. Uzembe wa dereva bado lazima uonyeshwe, ila tangu Agosti 2008 majeruhi hawezi tena kumdai dereva mwenyewe kile ambacho mfuko haukulipa. Nchini Marekani, katika majimbo kama Florida, Michigan na New York, gharama za kwanza za hospitali hulipwa na bima bila kuuliza kosa, na ruhusa ya kudai fidia ya maumivu huja pale tu jeraha linapofikia kiwango cha uzito kilichowekwa na sheria. Florida imeongeza sharti linalowanasa wengi: usipomwona daktari ndani ya siku 14, unapoteza mafao hayo ya kwanza.

Ukiniuliza ipi bora, nitakuuliza umeumia kiasi gani. Kwa mkono uliovunjika ukaunga vizuri, njia isiyouliza kosa ni nafuu kubwa: hela ya matibabu inapatikana mapema na hakuna wa kukuhoji kizimbani. Kwa kijana aliyepoteza uwezo wa kutembea, malipo yanayopimwa kwa jedwali mara nyingi hayafikii alichopoteza, na haki ya kudai hasara yote ina thamani kubwa zaidi, mradi nyuma ya dereva mwenye kosa kuna bima au mali ya kulipa. Hukumu nono dhidi ya mtu asiye na bima wala mali ni karatasi tu. Hivyo kabla ya kuuliza "nani ana kosa?", uliza "nani atalipa?"

Gari ulilopanda, au gari lililowagonga?

Hili swali huulizwa kama vile lazima uchague moja. Mara nyingi si lazima. Abiria anaweza kuwadai madereva wote wawili kwa pamoja na kuiachia mahakama ipime sehemu ya kila mmoja. Katika nchi nyingi kila mmoja wa wakosaji anaweza kudaiwa deni zima, kisha wao wenyewe wadaiane huko mbele. Kwingine kila mkosaji hulipa fungu lake tu, na kama mmoja hana bima, fungu lake linakupotea.

Hatari ya kuchagua mmoja iko hivi. Umemdai dereva wa gari la pili, kesi imekwenda miaka miwili, mwishoni mahakama inasema aliyekosa ni dereva wako. Unageuka kumdai, unakuta muda wa kisheria umekwisha. Kwa hiyo pale ambapo madereva wanatupiana lawama, msimamo wangu ni kuwaunganisha wote tangu barua ya kwanza. Lakini kama gari lenu lilikuwa limesimama kwenye taa nyekundu likagongwa kwa nyuma, kumwingiza dereva wako hakuna faida, na katika nchi ambazo anayeshindwa hulipa gharama za mwenzake unaweza kujiletea deni.

Angalia pia bima yenyewe inamfunika nani. Usidhani abiria yumo daima. Uingereza iliweka bima ya lazima ya magari mwaka 1930, lakini kumfunika abiria wa kawaida kwenye gari la mtu binafsi hakukuwa lazima hadi Desemba 1972, miaka zaidi ya 40 baadaye. Mahali pengi hadi leo bima ya msingi hutenganisha abiria aliyelipa nauli na aliyepewa lifti, au huweka kikomo cha malipo kwa kila mtu na kikomo kingine kwa tukio zima. Kikomo cha tukio ndicho cha kuogopwa pale basi linapopinduka na watu 40: kapu ni moja na mikono ni mingi. Katika hali hiyo usikawie kuwasilisha dai lako hata kama hujapona. Kuwasilisha ni kitu kimoja na kumaliza ni kingine.

Kama ulilipa nauli, una kitu ambacho aliyepewa lifti hana: mkataba na msafirishaji. Anayedaiwa hapo ni mwenye chombo na kampuni yake pamoja na dereva aliyeajiriwa, na baadhi ya sheria zinamtaka msafirishaji awe na uangalifu mkubwa kuliko dereva wa kawaida. Tunza tiketi. Kama uliita gari kwa programu ya simu, hifadhi risiti na picha ya skrini inayoonyesha safari ilikuwa imeanza, kwa kuwa bima inayotumika hutegemea kama dereva alikuwa na abiria au alikuwa bado anasubiri.

Dereva akiwa ndugu yako

Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa, na ndipo ningependa tukae kidogo. Aliyekuwa anaendesha ni kaka yako, au mkeo, au rafiki aliyejitolea kukufikisha. Unaona aibu kumwandikia barua ya wakili. Wazee wanasema hayo mambo yaishe nyumbani.

Tuyapime kwa utulivu. Katika karatasi za madai litaandikwa jina la kaka yako, lakini anayelipa ni kampuni ya bima, ambayo yeye amekuwa akiilipa ada kwa ajili ya siku kama hiyo. Anachoweza kupoteza ni punguzo la ada yake, na huenda ada ikapanda mwaka unaofuata. Usipodai, gharama za mguu wako hazitoweki. Zinahamia kwenye mfuko wa familia ileile unayotaka kuilinda, pengine kwenye mfuko wa kaka huyohuyo, huku kampuni iliyopokea ada ikibaki na fedha zake.

Sheria nazo zimewahi kuuonea shaka uhusiano huu. Kuanzia miaka ya 1920 majimbo mengi ya Marekani yalitunga sheria zilizomzuia abiria asiyelipa kumdai dereva aliyempa lifti kwa uzembe wa kawaida, hoja mojawapo ikiwa kwamba ndugu na marafiki wangekula njama dhidi ya bima. Mahakama ya juu ya California iliifuta sheria hiyo katika jimbo lake mwaka 1973, na majimbo mengi yaliiacha. Hofu ile lakini haijafa kwenye ofisi za bima, na ndiyo maana dai la ndugu dhidi ya ndugu huchunguzwa kwa jicho kali. Maelezo yako na ya dereva yawe ya kweli, kila mmoja aseme alichokiona. Msikubaliane kubadilisha jina la aliyekuwa anaendesha kwa sababu mwingine ndiye mwenye leseni. Dai halali linaweza kufa kwa uongo mmoja wa aina hiyo, na mkajikuta nyote wawili mna kesi ya udanganyifu.

Zungumza naye kabla barua haijamfikia. Mweleze kwamba unaidai bima yake, na kwamba yeye pia ana wajibu wa kuiarifu mapema kama mkataba wake unavyotaka. Akinyamaza kwa kudhani anakusaidia, bima inaweza kutumia ukimya huo kama sababu ya kukataa.

Kuna hali moja ambayo uamuzi ni mgumu kweli: hasara yako inapozidi kikomo cha bima yake. Kinachozidi kinaweza kumwangukia yeye binafsi, nyumba yake na mshahara wake. Unaweza kuishia kwenye kikomo na kumwachilia yaliyobaki, na wapo wanaofanya hivyo kwa dhamiri safi. Fanya uamuzi huo baada ya kujua idadi kamili ya hasara, tena baada ya kuangalia kama dereva wa pili, mwenye gari, au mwajiri wa dereva anaweza kubeba sehemu.

Aliyewagonga akitoroka, au akiwa hana bima

Nchi nyingi zina mfuko kwa ajili ya hili. Uingereza wana taasisi ya makampuni ya bima iliyoanzishwa mwaka 1946 inayolipa majeruhi wa magari yasiyo na bima na ya madereva waliokimbia. Kwa mifuko ya namna hii kuripoti polisi mapema ni muhimu kuliko kitu chochote, na muda unaweza kuwa mfupi zaidi: Afrika Kusini hutoa miaka 3 dereva akijulikana na miaka 2 asipojulikana.

Angalia na bima zako mwenyewe. Huko Marekani, kinga dhidi ya madereva wasio na bima uliyonunua kwa gari lako huweza kukufuata hata ukiwa abiria kwenye gari la mwingine. Bima ya afya italipa hospitali haraka kuliko wote, lakini soma masharti, kwani mara nyingi ina haki ya kurejeshewa ilicholipa utakapopata fidia. Na kama ulikuwa safarini kikazi, fidia ya wafanyakazi haiulizi kosa. Kwa kawaida hailipi maumivu, ila katika nchi nyingi haikuzuii kumdai pia dereva aliyekosa asiye wa kampuni unayofanyia kazi, mradi usilipwe mara mbili kwa hasara ileile.

Kumalizana mezani, au kwenda mahakamani

Madai mengi ya ajali huisha kwa makubaliano. Mezani unapata fedha mapema, huulizwi maswali mbele ya hadhara, na unajua kiasi kabla hujatia saini. Mahakamani unaweza kupata zaidi, unaweza kukosa, na hata ukishinda kuna rufaa. Nani asingependa meza?

Tatizo liko kwenye ofa inayokuja wiki ya pili. Jeraha la shingo, la mgongo, au mtikisiko wa ubongo halijionyeshi lote siku za mwanzo. Mtu anatoka hospitali anatembea, anatia saini hati ya kumaliza madai, na miezi mitano baadaye hawezi kuinua ndoo. Hati ile huwa ya mwisho. Inasema umepokea na huna dai lingine, la leo wala la kesho, na kuibatilisha ni kazi ngumu sana. Ndiyo maana nashikilia kwamba usitie saini kabla daktari hajasema hali yako imetulia, yaani amejua kipi kitapona na kipi kitabaki. Kama njaa ndiyo inayokusukuma, omba malipo ya awali bila kufunga dai. Mahakama za Uingereza zinaweza kuyaamuru, na kwingine bima hukubali kuyatoa kosa likiwa wazi.

Lakini kusubiri nako kuna mtego: mazungumzo na bima kwa kawaida hayasimamishi saa ya kisheria. Ofisa anaweza kukujibu kwa upole miezi kadhaa, kisha siku ya ukomo ikipita akakwambia dai lako limekufa. Uingereza na Kenya hutoa miaka 3 kwa madai ya uzembe, California miaka 2, Tennessee mwaka 1 tu. Gari likiwa la serikali muda hubana zaidi. California hutaka taarifa rasmi ndani ya miezi 6. Mtoto aliyeumia mara nyingi hupewa nafasi hadi baada ya kufikia utu uzima. Inapokaribia tarehe, fungua kesi. Kufungua kesi hakukulazimishi kuifikisha kwenye hukumu, na kesi nyingi humalizwa mezani baada ya kufunguliwa, tena kwa ofa bora kuliko ya kwanza.

Bima itajaribu pia kupunguza kwa kukulaumu wewe. Hukufunga mkanda. Ulijua dereva amelewa. Hoja hizi zina uzito, lakini si uzito unaotajwa kwenye simu. Mahakama za Uingereza tangu mwaka 1975 hupunguza asilimia 25 kama mkanda ungezuia jeraha lote, na 15 kama ungelipunguza tu. Katika shauri la mwaka 1976, abiria aliyekunywa pamoja na dereva wake kisha akapanda gari lake alikatwa asilimia 20. Alibaki na 80. Yapo majimbo machache ya Marekani, Virginia likiwa mojawapo, ambako kosa la mdai, hata dogo, linaweza kumnyima kila kitu, na huko usijibu swali lolote la bima kuhusu mwenendo wako bila wakili.

Kesi ya jinai

Dereva akishtakiwa na polisi, wengi hudhani fidia itatoka humo. Mahakama ya jinai inaweza kuamuru alipe, lakini mara nyingi kiasi huwa kidogo na hutegemea uwezo wake. Ufaransa na nchi zinazofuata mapokeo yake humruhusu majeruhi kuingiza dai lake ndani ya kesi ileile ya jinai, na huko njia hii ni nzuri kweli. Kwingine itumie kama ushahidi: dereva akitiwa hatiani, dai lako la fidia linakuwa jepesi. Akiachiwa huru, usikate tamaa, kwa sababu jinai hudai uthibitisho mzito na madai hutosheka na lililo na uwezekano mkubwa zaidi. Usisubiri tu jinai iishe, maana saa yako inaendelea kutembea.

Kwa wakili au peke yako

Kama ulichubuka ukapona na gharama ni za hospitali na siku chache za kazi, andika dai mwenyewe na uambatishe stakabadhi. Kama kuna mfupa uliovunjika, kichwa, mtoto, ulemavu, au bima mbili zinazosukumiana, tafuta wakili. Anayelipwa kwa asilimia ya fidia humfaa asiye na fedha mkononi, ila si kila nchi inaruhusu. Muulize kama asilimia yake inahesabiwa kabla au baada ya kutoa gharama za daktari na za mahakama, kwani tofauti inaweza kuwa kubwa.

Na jambo ambalo abiria husahau: usitumie wakili mmoja na dereva wako. Leo mko upande mmoja dhidi ya gari la pili, kesho bima ya pili inasema dereva wako naye alikuwa na kosa, na wakili huyo hawezi kumtetea yeye na wakati huohuo kumdai kwa ajili yako.

Chukua abiria wawili wa kiti cha nyuma katika gari moja. Wa kwanza alishonwa nyuzi sita, akarudi kazini wiki ya tatu, daktari amemwandikia kwamba hakuna kilichobaki. Yeye ningemshauri apokee ofa inayofidia gharama, mshahara na maumivu ya wiki hizo, atie saini, aendelee na maisha. Wa pili bado anapata kizunguzungu na kusahau majina. Huyu aandikie bima zote mbili wiki hii, akatae kurekodiwa maelezo kwa simu, aombe malipo ya awali, aandike kila siku kichwa kilipouma, na tarehe ya ukomo aitundike mahali ambapo kila anayemuuguza ataiona.